Mizani Haimjui Mbebaji

Kwa miaka 31 nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, njia ya Korogwe. Robota moja la mkonge uliokwisha kupigwa brashi na kushindiliwa lina kilo 250, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kilo 250 ni kilo 250, si pungufu, si zaidi. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliposikia kazi niliyopata alinirudisha kwenye Suratul Mutaffifin, ile inayowaonya wanaopunja vipimo, akanitaka niisome mbele yake mara tatu kabla sijaenda kuripoti. Niliichukua kazi ile kama ibada. Nilipostaafu nikahamia Tanga mjini, Ngamiani, katika nyumba ya marehemu mama, nilikuja na mizani moja tu: ya ndoano, ya springi, inayofika kilo 50. Mke wangu huipimia samaki.

Mizani hiyo ndiyo niliyoifunga kwenye kitambaa asubuhi ya Jumamosi moja, nilipokwenda kumtafutia mjukuu wangu baiskeli.

Ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Kutoka kwetu hadi shuleni ni kama kilomita mbili, tambarare tupu, kama ilivyo sehemu kubwa ya mji huu. Ndiyo maana Tanga hushangai kumwona mama wa makamo na baibui lake juu ya baiskeli, au mzee wa rika langu akitoka msikitini na kanzu ameikunja magotini, anakanyaga pedali taratibu. Mtoto wa Tanga asiyejua baiskeli ni kama mtoto wa Pangani asiyejua maji.

Duka la kwanza lilikuwa na kijana mwenye adabu. Aliniamkia, akanivutia kiti, akatoa baiskeli ya inchi 20, yaani yenye magurudumu ya kipenyo hicho, ambayo huwafaa wengi kati ya miaka sita na tisa. Ilipendeza: rangi ya waridi, shokapu mbele, shokapu nyuma, gia sita, kikapu, madigadi ya plastiki. Nikafungua kitambaa, nikapitisha ndoano chini ya siti, nikanyanyua kwa mikono miwili mpaka magurudumu yote yakaachana na sakafu. Kilo 13.6.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimempandisha mjukuu wangu kwenye mizani ya jirani anayeuza mchele. Kilo 24.

Niliomba kipande cha karatasi nikapiga hesabu. Baiskeli ile ilikuwa zaidi ya nusu ya mtoto. Mimi nina kilo 68. Kwa uwiano huohuo, baiskeli yangu ingekuwa na kilo 38 na nusu, sawa na debe mbili za mahindi na ziada juu yake. Nani angenitaka nipande debe mbili za mahindi kilomita mbili kwenda na mbili kurudi, niziburute kwenye mchanga, nizigeuze uchochoroni, niziegemeze ukutani bila kuniangukia? Na nikichoka, nani angeniita mvivu?

Nilikaa na karatasi ile mkononi muda mrefu, kijana amesimama kwa heshima akinisubiri. Maisha yangu yote ya kazi yalisimama juu ya imani kwamba kilo ni kilo, popote na kwa yeyote. Kwa robota ni kweli. Lakini robota halibebwi na mizani. Linabebwa na mtu, na kuhusu huyo mtu sikuwahi kuandika neno katika daftari langu. Mizani inausoma mzigo. Haimjui mbebaji. Nilikuwa na miaka 69 nilipoliona jambo hilo, na nililiona kwa sababu mbebaji safari hii alikuwa mtoto wa binti yangu.

Kijana alipoona nasita alifikiri tatizo ni ukubwa. Akaleta nyingine, ya inchi 24. "Chukua hii, mzee. Ni ya kukulia. Miaka mitatu, minne, hununui tena."

Nyumba zetu zote zinalijua neno hilo, ya kukulia. Nilivaa sare yenye upindo wa inchi nne, na viatu vilivyojazwa karatasi puani. Siwalaumu wazazi wangu. Fedha ilikuwa ya mawazo, na shati pana halimwangushi mtu. Baiskeli pana humwangusha. Miguu haifiki chini, vidole havifiki breki, na mtoto anajifunza kwanza hofu, baiskeli baadaye. Lakini kilichonisumbua kilikuwa kirefu kuliko hapo. Nilijiuliza ninamnunulia nani. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, ambaye bado hayupo, ndiye anayenunuliwa baiskeli. Wa miaka minane, aliyepo, anayenisubiri mlangoni, ndiye anayeilipia kwa magoti yake. Yule wa kumi na mmoja yuko katika gaibu, na hakuna aliyenipa dhamana juu yake. Huyu wa minane nimekabidhiwa. Ni amana, na amana hutunzwa kama ilivyo siku ile ilipowekwa mkononi mwako. Nimezika watoto wa watu, na mmoja wa kwangu. Sipendi tena hesabu inayomkopa mtoto wa leo ili imlipe wa kesho.

Niliondoka bila kununua.

Njiani nikawa nafikiri jinsi lugha yetu isivyouamini wepesi. Mtu mwenye heshima ni mtu mzito. Kauli ya maana ni kauli nzito. Asiyetunza siri ana ulimi mwepesi. Hata neno hafifu: kwa Waarabu, ambako tulilichukua, asili yake ni chepesi tu, kinyume cha kizito, bila lawama; lilipokaa kwetu pwani likashuka cheo, likawa la kitu duni, kitambaa hafifu, hoja hafifu. Nadhani hii ndiyo sababu mnunuzi akinyanyua baiskeli nyepesi hushtuka, anaona ameuziwa kitu kisicho imara, na akinyanyua nzito anatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini mnunuzi huyohuyo, akisikia jirani ana mgonjwa, akimwona mwanafunzi anaingia kwenye mtihani au mwanamke anaingia leba, anasema nini? Mungu akufanyie wepesi. Sijawahi kusikia mtu anaombewa uzito. Jambo tunalomwomba Mungu kwa ajili ya kila tunayempenda, tukifika dukani tunaliona ni upungufu.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili, na haikuanzia dukani.

Baba alikuwa na baiskeli ya inchi 28, ya chuma, bomba la juu limenyooka, kariya nyuma ya kubebea magunia, dinamo, stendi ya miguu miwili. Miaka mingi baadaye niliipeleka kwenye mizani ya shamba: kilo 21. Mimi na mdogo wangu tulijifunzia hiyo, kama watoto wote wa kambi tulikokulia. Siti hatuifikii, kwa hiyo mguu wa kulia unaupenyeza chini ya bomba hadi pedali ya upande wa pili, kiwiliwili kinapinda, mkono mmoja umeshika usukani na kwapa la mwingine limekumbatia siti. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, upande upande. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili nikaweza. Yeye alikuwa na tisa.

Alianguka kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Hakuumizwa na ardhi. Aliumizwa na baiskeli, iliyomfuata na kumlalia. Mkono wa kushoto ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Nilijaribu kuinyanyua peke yangu nikashindwa mara ya kwanza, kwa sababu mguu wake ulikuwa bado umo ndani ya fremu. Baba alimpeleka hospitali kwa baiskeli ileile, amemkalisha kwenye kariya, mimi nakimbia nyuma nikimshika mgongo.

Hakupanda tena. Si mwaka ule, si alipokuwa kijana, si alipokuwa fundi cherehani Muheza na wenzake wote wakienda kazini kwa baiskeli. Anatembea. Watu wazima wa kambi walisema ndiyo kukua, na mimi niliyebaki kuendesha nilisifiwa kuwa ni mwanamume. Nikaziamini sifa hizo kwa muda mrefu. Nilipata watoto, nami nikawaambia kwamba sisi tulijifunzia baiskeli za baba zetu na hatukufa. Sasa naona kwamba anayesimulia jinsi uzito ulivyomfunza ni yule ambaye haukumlalia. Yule mwingine hatumsikii, kwa kuwa yuko njiani anatembea.

Najua nitajibiwa kwa dini, na ni haki nijibiwe. Mimi si sheikh. Nilisoma chuoni kama watoto wengine wa pwani, na tangu nistaafu nahudhuria darsa baada ya magharibi. Wazee wenzangu wanasema dunia ni mtihani, subira hujengwa na taabu, mtoto aliyelainishiwa kila kitu hatasimama siku baba hayupo. Wananitajia Nabii Ayubu. Yote hayo nayakubali. Lakini Ayubu alitahiniwa na Mola wake. Hakutahiniwa na babu yake. Katika yote niliyosomeshwa sijaona mahali nilipoambiwa nimtungie mtoto mtihani wa ziada kwa sababu nimepata baiskeli ya bei nafuu. Mitihani yake itakuja. Mingine imekwisha kuja: baba yake hayupo nyumbani, na yeye anajua kwa nini.

Nikitazama namna sheria yenyewe ilivyopangwa, naona kitu ambacho karani wa mizani hakukiona. Uzito wake umepimwa kwa mbebaji. Mtoto kalamu haiandiki juu yake mpaka abaleghe. Sala anafundishwa akiwa na miaka saba, na kusisitiziwa kunangoja kumi. Msafiri anapunguziwa rakaa, mgonjwa anaswali ameketi, na asiyeweza kuketi anaswali amelala. Aya ya mwisho ya Suratul Baqara, ambayo wengi wetu tunaihifadhi kabla hatujajua maana yake, inazungumzia jambo hili hasa, nafsi na kiasi inachokiweza. Na kisa cha Miraji, ambacho kila mwezi wa Rajabu tunakisikiliza hadi usiku wa manane, ni kisa cha kupunguziwa: sala hamsini, na Nabii Musa akimrudisha Mtume, rehema na amani zimshukie, tena na tena akaombe nafuu, kwa kuwa umma wake hautaweza, mpaka zikabaki tano. Hakuna aliyesema hapo kwamba hamsini zingewakomaza.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni kidogo, hakina mbingu saba. Mtume aliswalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zainabu. Akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba. Nilipokuwa kijana nilikisikia kisa hicho kama habari ya huruma tu. Sasa nimekuwa babu nakisikia kama habari ya uzito: nani alikuwa mzigo wa nani. Mtoto alikuwa juu na mtu mzima alikuwa chini, na sala, nguzo ile, ikapata nafasi kwa ajili yake. Mimi dukani nilikuwa karibu kuugeuza mpangilio huo.

Sisemi mtoto asibebe chochote. Mjukuu wangu anaosha vyombo, anabeba vitabu vyake, anamsaidia bibi yake kukuna nazi hadi kibao cha mbuzi kinalowa. Uzito wa namna hiyo unarudisha kitu: chakula, elimu, heshima ya kuwa mtu wa nyumba. Swali nililolipata, na ambalo nimeanza kuliuliza juu ya mambo mengine pia, ni hili: uzito huu unambebea nini? Breki ina uzito, na unamrudishia uhai wake. Kengele ina uzito. Ile shokapu ya nyuma inambebea nini? Fundi mmoja wa baiskeli ndiye aliyenijibu.

Fundi huyu ana kijiwe chini ya mwarobaini katika mojawapo ya zile barabara zetu za namba, na anauza baiskeli za mtumba za watoto zinazoshuka kwenye makontena. Nilimwambia habari ya kilo 13.6. Akabonyeza shokapu ya baiskeli moja kwa uzito wake wote, ikazama kidogo. "Mimi nina kilo themanini, mzee, na imekataa. Mtoto wa kilo 24 ataibonyeza na nini? Hiyo ni mapambo. Anabeba chuma cha bure." Gia nazo alizikataa: mji tambarare, mtoto mdogo, waya na vikorokoro vya nini, mpe gia moja na mnyororo ulionyooka.

Ana sumaku aliyoitoa kwenye spika iliyokufa, amening'iniza kwenye uzi. Anaigusisha kwenye fremu. Ikinasa ni chuma, isiponasa ni alumini, ile ile ya sufuria. Alumini ya ujazo uleule ina karibu theluthi moja tu ya uzito wa chuma, ingawa bomba zake hufanywa nene ili zisipinde, kwa hiyo faida haiwi kubwa kiasi hicho. Alinieleza na kasoro yake, na nilimheshimu kwa hilo, kwa kuwa alikuwa anauza: chuma kikivunjika, mchomeleaji yeyote wa mtaani anakiunga, alumini ikipasuka, hapa mjini wa kuichomelea vizuri ni wa kutafuta. Na chuma chembamba kizuri kipo, chepesi pia, ila ni nadra kwenye makontena.

Alijua pia kipimo ambacho mimi nilikitafuta kwa karatasi. Baiskeli ya mtoto isizidi asilimia 40 ya uzito wake, alisema, na ikikaribia 30 mshukuru Mungu. Kwa mjukuu wangu, mwisho ni kilo 9.6.

Tulipima tano. Ya nne ilikuwa ya alumini, inchi 20, rangi ya buluu iliyochubuka, matairi yamekufa. Kilo 8.5. Akataka shilingi 210,000 pamoja na matairi mapya. Ile ya waridi dukani ilikuwa 165,000, mpya, inang'aa. Nakiri kwamba shilingi 45,000 zile zilinisimamisha, kwa pensheni yangu si kitu kidogo, na kwa dakika kadhaa zile hoja za subira na kukomaa zilinirudia zote na zilikuwa na sauti nzuri sana. Ndipo nilipojua kwamba hazikuwa za dini. Zilikuwa za mfuko.

Nikamwita mjukuu wangu. Fundi alimsimamisha juu ya baiskeli, bomba likiwa kati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Akashusha siti mpaka akiketi ncha za miguu zikawa zinagusa ardhi. Akamwambia afumbe macho, ashike breki kwa vidole viwili tu. Hakuweza, breki ikasogezwa kwa skrubu ndogo mpaka akaweza. Kikapu kikatoka. Kariya ikabaki, kwa ajili ya mkoba wa shule, maana uzito huo kama si juu ya baiskeli utakuwa mgongoni. Mwisho akafungua pedali zote mbili akazitia mfukoni. "Wiki moja bila hizi. Ajisukume kwa miguu, ainue, ateleze. Mizani ya mwili kwanza." Nilitabasamu kusikia neno lile.

Fundi hakujua kwamba alikuwa anairudisha baiskeli ilikotoka. Ya kwanza kabisa, ile ambayo Karl Drais aliipanda mjini Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817, haikuwa na pedali. Mtu alijisukuma kwa nyayo. Na hewa iliyomo kwenye matairi yetu yote, hata ya mabasi na malori ya mkonge, tumeipata kwa sababu ya mtoto. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo, Mskoti aliyeishi Belfast. Mwanawe alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye mipira migumu, ikimtikisa kwenye njia za mawe. Dunlop akatengeneza mpira wenye hewa, akauzungushia kwenye gurudumu la mbao, akalivingirisha uani pamoja na gurudumu la zamani. La hewa likaenda mbali zaidi. Mwaka 1888 akapewa hataza. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amelisajili wazo kama hilo mwaka 1845, likasahaulika. Sidhani akili ya Dunlop ilizidi ya Thomson. Alikuwa na mtoto anayetikisika, na hakumwambia kwamba ndiyo kukua.

Pedali zilirudi siku ya tano. Nilikuwa nimejiandaa kukimbia nyuma nikimshika mgongo, kama nilivyokimbia siku ile nyingine, lakini hakunihitaji. Alijisukuma mara mbili, akapandisha miguu, akaenda. Alianguka jioni ileile kwenye kona ya msikiti, akasimama, akainyanyua mwenyewe kwa mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye siti, akaendelea. Nilikuwa mbali, na sikuwahi kufika.

Mdogo wangu alikuja kutoka Muheza kwa ajili ya Idi. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukumbini. Aliitazama akiwa anavua viatu, akaitazama tena baada ya chai. Kisha akasimama, akaishika bomba kwa mkono wa kushoto, ule ambao hadi leo haunyooki sawasawa, akainyanyua mpaka usawa wa kifua. Alikaa nayo hivyo kwa muda, gurudumu la mbele likizunguka polepole.

"Ina kilo ngapi, kaka?"

"Nane na nusu."

Akaishusha chini taratibu, akalishika gurudumu mpaka likatulia.